Fundi Aliyejipima Peke Yake

Fundi wa makochi alikuwa na tabia moja iliyowachosha wenyeji wake. Akikaribishwa kiti, kabla salamu hazijaisha ameshajua kiti hicho kina ugonjwa gani. Atajisogeza kulia, atajisogeza kushoto, kisha atainama kuchungulia chini kama mtu aliyekalia kitu kinachopumua. "Sponji ya upande huu imekata tamaa," atasema kwa upole, na tangu hapo wenye nyumba hawana raha tena kwenye kiti chao wenyewe. Watu wengi mtaani walizoea kumpokea wakiwa wamesimama.

Mkewe alikuwa muuguzi wa zamu ya usiku. Wodi nzima ilimwita Sista, majirani wakamwita Sista, na mumewe naye akajikuta anamwita hivyohivyo. Yeye alimwita mumewe Fundi. Jioni Sista alitoka kwenda hospitali wakati Fundi anarudi kutoka karakana, asubuhi akarudi wakati Fundi anatoka. Walikutana mlangoni, mmoja anavaa viatu, mwenzake anavua. Hapo mlangoni ndipo mambo yote ya nyumba yalipoamuliwa: mtoto ana homa, gesi imekwisha, paa linavuja upande wa choo. Kitanda chao hakikuwahi kupoa. Akiamka huyu, analala yule kwenye joto aliloliacha mwenzake.

Binti yao wa pekee alikua akiamini kwamba ndoa zote ndivyo zilivyo. Wiki ya kwanza baada ya kuolewa alimpigia mama yake simu kwa sauti ya chini. "Mama, huyu mwanamume haondoki."

Majirani waliwasifu kwamba hawajawahi kusikika wakigombana. Ni kweli. Wangegombana saa ngapi?

Mambo yalibadilika mwaka ule Sista alipokaribia kustaafu. Likizo zake zilikuwa zimelimbikizana, maana kila alipotaka kuondoka wodi ilikuwa na upungufu wa watu, na safari hii mkubwa wake akamwambia azichukue zote kwa mkupuo. Zilikaribia mwaka mzima. Asubuhi hiyo alifika mlangoni, akavua viatu, akasema, "Fundi, nataka kuiona dunia mchana. Na nataka tuione wote wawili."

Fundi alikuwa na kiatu kimoja mguuni. Akafikiria mpaka akamaliza kufunga kamba za cha pili. "Sawa," akasema.

Gari alilipata kwa mwenye kiwanda cha mikate. Alimshonea upya viti vyote vya ofisi, naye akapewa gari kuukuu la kusambazia mikate, lenye tumbo refu na harufu ambayo haikutoka hata lilipooshwa kwa sabuni. Fundi akalifunika kwa turubai nyuma ya karakana, akampiga marufuku mkewe kuchungulia. Humo ndani alijenga nyumba. Aliweka mabenchi yanayofunguka na kuwa masanduku, meza inayokunjwa ukutani, droo za vikombe zilizotandikwa sponji ili vikombe visigombane barabarani. Majirani aliwaonyesha mmoja mmoja, nao walivua viatu bila kuambiwa. Kinyozi wa jirani alitoka akitikisa kichwa. "Ukichoka kusafiri," akamwambia, "nipangishe mimi."

Waliondoka asubuhi, karakana akiachiwa mdogo wake Fundi. Walikwenda kutwa. Jua lilipoanza kuzama wakaegesha kwenye uwanja wa malori karibu na kituo cha mafuta, wakala, na Fundi akatangaza kwamba sasa atamwonyesha kile alichokiacha mwisho makusudi. Akavuta mshikio ukutani. Kitanda kikatoka polepole kama ulimi, miguu ikajifungua yenyewe, godoro la tabaka tatu likajikunjua likakaa sawa. Fundi akalipiga kofi dogo la upendo.

Sista alikuwa amesimama na taulo begani. "Kizuri," akasema.

"Jaribu."

Akalala. Akanyoosha miguu, ikatosha. Akanyoosha mikono. Mmoja ukagonga ukuta, wa pili ukaning'inia hewani.

"Na wewe utalala wapi?"

Fundi alicheka, akidhani ni utani, akapanda. Hapakuwa na pa kupanda. Alijaribu kwa ubavu. Alijaribu kwa kuelekeza kichwa upande wa miguu. Mwisho alijikuta amekaa sakafuni bila kujua ameshukaje.

"Nilipima," akasema kutoka huko chini.

"Ulimpima nani?"

Fundi akakiangalia kitanda, akamwangalia mkewe, akakiangalia kitanda tena. "Nilijipima mimi."

Wala hakufanya kwa choyo. Mtu huyu alikuwa ametengeneza vitanda vya watu wawili visivyo na idadi, kwa maharusi, kwa nyumba za wageni, na hakuwahi kukosea hata unene wa kidole. Ila alipokaa kuwaza kitanda cha kwake, kichwani mwake kilikuja kitu ambacho mtu mmoja hulala na mwingine yuko kazini. Sista alilijua hilo pale pale, na lingekuwa choyo angelisamehe upesi zaidi.

"Lala wewe," akasema. "Usiku mimi nimeuzoea." Akachukua kiti cha kukunja na chupa ya chai, akatoka nje kukaa na malori.

Asubuhi Fundi aliamka, akafungua mlango wa gari huku anavaa viatu. Sista alikuwa anaingia huku anavua. Walitazamana, kila mtu akapita.

Basi ikawa hivyo. Nchi ya kwanza Sista aliiona kwa giza. Ya pili aliisikia kwa matuta. Mpakani, afisa alizifungua pasi zao mbili, akatazama kiti kitupu pembeni ya dereva.

"Huyu wa pili yuko wapi?"

"Amelala nyuma."

"Aamshwe."

"Ametoka zamu," Fundi akajibu, kwa mazoea.

Afisa, ambaye naye macho yake yalionyesha ametoka zamu au anachelewa kutoka, akashusha sauti. Akachungulia ndani, akalinganisha picha na pua iliyochomoza kwenye shuka, akagonga muhuri taratibu kabisa ili asimwamshe.

Mchana Fundi aliegesha, akatembea peke yake mijini na vilimani, akapiga picha. Kila picha alikuwamo yeye, nusu uso, na nyuma yake maporomoko ya maji au mnara. Jioni walipokabidhiana alimpa mkewe taarifa kama inavyotolewa wodini.

"Leo kulikuwa na maporomoko."

"Makubwa?"

"Ya wastani."

"Haya. Lala salama."

Binti alipiga simu siku moja jua likiwa utosini. "Baba, nipe Mama nimsalimie."

"Amelala."

"Saa hizi? Anaumwa?"

"Haumwi. Atakesha usiku."

Binti akasema, "Baba, hiyo siyo safari. Hiyo ni hospitali yenye magurudumu."

Fundi alicheka kidogo, akaaga.

Katika nchi ya tatu walifika chini ya mlima mrefu, kwenye uwanja wa kupigia kambi. Mwenye uwanja alikuwa mama wa makamo mwenye kofia pana na funguo nyingi kiunoni, akitembea zinamtangulia kwa mlio. Siku ya pili jioni alimkuta Sista amekaa kwenye kiti chake cha kukunja, akampelekea kikombe cha maji ya moto.

"Huyo fundi wako," akauliza, "usiku unamweka wapi? Nina chumba cha madereva kule nyuma, wala hakilipiwi."

"Ni mume wangu."

Mama yule akakifunga kinywa kwa kiganja. "Nisamehe, dada. Nimewaona mnapishana tu, kama walinzi wa geti."

Sista hakucheka. Alikunywa maji yale yote, akaingia garini. Fundi alikuwa anatandika.

"Fundi, kama ni kupokezana zamu, nyumbani napokezana na mshahara juu."

"Sista, hebu..."

"Nyuma ya mlima huu kuna mji. Basi la kuelekea kwetu linapita pale keshokutwa alasiri. Nitalipanda."

Fundi aliachia shuka. Mtu akiambiwa neno kama hilo anaweza kulia, anaweza kuomba. Fundi alitazama ukuta, akatazama upana wa benchi, na midomo yake ikaanza kujongea kwa hesabu. "Nipe kesho," akasema. "Nitakitanua."

"Sijasema kitanda."

"Nitakitanua tu, utaona."

Kesho yake alianza kabla ya chai. Ili kitanda kitanuke, benchi lilipaswa kusogea. Benchi lilishikwa na jiko. Jiko lilishikwa na kabati, na kabati, kwa kuwa Fundi alifanya kazi yake vizuri, lilishikwa na kila kitu kilichobaki. Kufika mchana gari lilikuwa tupu kama ngoma, na nyumba yao yote imelala kwenye nyasi, droo, mapazia, masufuria, godoro la tabaka tatu. Wasafiri wawili wa kambi ile walipita wakadhani ni mnada. Mmoja aliinua droo ya vikombe akauliza bei.

Sista alikataa kulala siku hiyo. Alikwenda kutembea kando ya mto, akarudi macho mekundu na mashavu yamepigwa jua. "Kuna daraja la kamba kule," akaanza kusimulia, "ukikanyaga katikati linaku..."

"Nishikie hapa," Fundi akasema, misumari mdomoni.

Akashika ubao. Akamtazama mumewe kwa muda, kutoka upande wa pili wa ubao. "Umesharudi kazini," akasema.

"Namalizia."

Hakumalizia. Jioni kitanda cha mtu mmoja kilikuwa hakipo tena, cha watu wawili hakijazaliwa, na Sista akaenda kulala kwenye kile chumba cha madereva.

Kulipopambazuka alisimama mbele ya gari na begi mgongoni. Barabara ya magari ilizunguka mlima mbali sana, na gari lenyewe halikuwa hata na sakafu ya kuaminika. Njia ya miguu ilikata juu kwa juu.

Fundi alitoka na viatu vyote viwili miguuni. "Nitakusindikiza."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka nitakapoona panatosha."

Mwenye uwanja akaahidi kuwatunzia vitu vyao na kuwafukuza wanunuzi. Wakaanza kupanda.

Sista alitembea kama yuko wodini, hatua fupi za haraka, akigeuza kichwa kwenye kila kichaka kana kwamba kuna mtu ameita. Fundi alijikokota nyuma na begi la mkewe, ambalo alikuwa amemnyang'anya bila kuuliza. Kisha akaanza kupiga mluzi.

Sista akasimama. "Unafanya nini?"

"Nafanya nini?"

"Huo mluzi."

"Mimi napiga mluzi siku zote."

"Siku zote zipi?"

Fundi akafikiria. Kwa kweli alipiga mluzi karakanani, na nyumbani usiku akiwa peke yake. Wateja wake wote waliujua mluzi ule. Mkewe alikuwa anausikia kwa mara ya kwanza, na haukuwa mzuri. Ulizunguka palepale kama nzi kwenye chumba.

"Una mwisho?"

"Sijawahi kuufikia."

Wakaenda hatua chache. "Na wewe," Fundi akasema, "unaongea peke yako."

"Naongea na wagonjwa."

"Wagonjwa wako wapi?"

"Nimezoea kuwaongelesha. Kuna ubaya?"

"Hakuna. Ila umemwambia yule mti ageukie ubavu wa pili."

Sista alikaza mwendo. Lakini mlango ulikuwa umefunguka, na alipofika kwenye kona akageuka na swali ambalo lilionekana limesubiri miaka mingi sana. "Kwa nini unapanga masufuria rafuni yakiwa na maji ndani?"

"Yakauke."

"Hayakauki. Kila asubuhi nikiinua sufuria linanimwagia maji miguuni."

"Mbona hukusema?"

"Nikuambie saa ngapi? Ulikuwa unakimbilia karakana."

"Haya. Na dirisha la chumbani?"

"Dirisha limefanya nini?"

"Nalifungua usiku kwa sababu ya joto. Nikirudi jioni limefungwa. Nimebadilisha komeo la dirisha lile mpaka fremu imechoka, nikijua linajifunga lenyewe."

Sista akamgeukia. "Mimi ndiye ninayelifunga. Nitalala mchana na jua usoni? Nalifunga, kesho nalikuta wazi. Miaka yote nasema moyoni, tazama, fundi wa watu, komeo la nyumba yake limemshinda."

"Kumbe ni wewe."

"Kumbe ni wewe."

Hapo ugomvi ukashika kasi. Waligombana wakipanda, wakagombana wakinywa maji, wakarudi nyuma mpaka mwaka wa kwanza wa ndoa. Mchunga mbuzi mmoja aliwakuta wamesimama katikati ya njia nyembamba, akasubiri na mbuzi wake kwa adabu. Alipoona hawana dalili ya kusogea, akatoa maoni. "Dirisha si lingefungwa nusu?"

"Wewe usiingilie," wakamjibu kwa pamoja. Lilikuwa jambo la kwanza siku hiyo kukubaliana.

Juu kabisa ya mlima upepo uliwanyamazisha. Upande wa pili nchi ilikuwa imetandazwa, mashamba ya kijani, mengine ya manjano, mto umekatiza, na mji mdogo wenye mabati yanayometa. Wote wawili waliiona kwa wakati mmoja. Fundi alitaka kusema neno zuri. Likatoka, "Pua yako imeungua."

Sista akakaa kwenye jiwe. "Sikukasirikia ubao, Fundi. Ulipokiwaza kitanda, hukuniona juu yake."

Fundi alikaa kwenye jiwe la pili na, kwa mara ya kwanza maishani, hakulichunguza.

"Na kibaya," mkewe akaendelea, "hata mimi nikikiwaza sikuoni. Mwakani nastaafu. Tutakaa nyumba moja, mchana na usiku. Sijui nitakuwa nimekaa na nani."

"Na yule wa dirisha," Fundi akasema.

Kona moja ya mdomo wa Sista ilicheza. Lakini akanyanyuka, akajikung'uta vumbi, na wakaanza kuteremka, maana basi halingoji watu waongee.

Walifika mjini basi likiwa limeshawashwa. Kondakta alikuwa anapiga bati kwa kiganja kuwaita wa mwisho. Sista alipokea begi lake, akaweka mguu kwenye ngazi. Fundi alisimama chini, mikono mitupu. Alijua kwamba akisema kwaheri, yamekwisha. Na kwa kuwa hakuwa na neno jingine tayari, akaropoka lile lililomkaa rohoni muda mrefu kuliko yote.

"Harusi ya binti yetu, ulisinzia kwenye hotuba yangu."

Sista akageuka. "Nilifumba macho tu."

"Ulisinzia. Shangazi yake alikugusa kwa kiwiko."

"Nilitoka wodini moja kwa moja nikaja kuvaa gauni. Na hotuba yenyewe ilikuwa ndefu."

"Umejuaje ni ndefu, na ulikuwa umelala?"

"Kila nikishtuka naikuta bado."

"Mama, unapanda?" akauliza kondakta.

"Ngoja kidogo."

"Abiria wanasubiri, mama."

"Mwache amalize," ikatoka sauti ya abiria dirishani, bibi mmoja mwenye kikapu mapajani. "Hebu baba, hotuba yenyewe ilisemaje?"

"Ndiyo," Sista akasema, mkono kiunoni, mguu bado ngazini. "Ilisemaje?"

Fundi akatazama madirisha ya basi, yote yamejaa nyuso. Aliwahi kusema maneno yale mbele ya ukumbi mzima bila kutetemeka. Sasa sauti ilikuja nyembamba.

"Nilisema mama yake ndiye aliyemlea. Mimi nilikuwa nalinda nyumba. Nilisema nimeishi na mwanamke ambaye sijui hata anapenda chai ya namna gani, maana kila nikifika nakuta kikombe kimeshaoshwa. Nikamwambia mkwe wetu, wewe kaa, umwone mwenzako anavyokunywa chai. Watu walicheka. Mimi nilikuwa nakutazama wewe, na wewe umelala."

Ndani ya basi hakuna aliyecheka. Bibi wa kikapu alitikisa kichwa polepole.

Sista alikuwa ameangalia chini, kwenye ngazi. "Majani mengi," akasema mwishowe. "Sukari kidogo. Na isiwe ya moto sana."

"Sukari kidogo," Fundi akarudia, kama anayeandika vipimo.

"Mama," kondakta akaomba, "kwa heshima zote, unapanda au hupandi?"

Sista akaushusha mguu. Basi likang'oka, bibi wa kikapu akigeuza shingo mpaka lilipopinda kona. Wakabaki wawili stendi, wamechoka, wamejaa vumbi, nyumba yao imetawanyika kwenye nyasi upande wa pili wa mlima.

"Hotuba yote ndiyo hiyo?" Sista akauliza.

"Ina sehemu ya pili."

"Haya, nisimulie." Akampa begi, akageuka kuelekea mlimani. "Nasikiliza."

Fundi akaanza sehemu ya pili. Ilikuwa ndefu kweli.